Mifereji Miwili Juu ya Dirisha la Mama

Ukuta wa nyuma ulianza kumumunyuka kwa chini, pale pale chumbani kwa Mama, na kwa muda mrefu Dobi alijifanya hauoni. Plasta ilivimba kwanza, ikapiga ufa, kisha siku moja alipokuwa anaanika mashuka ya watu uani, kipande cha ukubwa wa sinia kikadondoka chenyewe bila kuguswa na mtu. Nyuma yake hapakuwa na tofali la kueleweka. Palikuwa na udongo mbichi, ule ule ambao baba yake aliukanyaga kwa miguu yake miaka arobaini iliyopita, umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Dobi aliuchoma kwa kidole, kidole kikazama hadi kiungo cha pili. Akakitoa, akakifuta kwenye gauni, akaendelea kuanika.

Usidhani alikuwa mjinga. Alijua kwamba maji ya paa lote la nyuma yalikuwa yanamwagika chini ya ukuta ule kila msimu wa mvua, na kwamba hakuna aliyewahi kuyawekea mfereji. Alichokuwa anakikwepa si ukuta. Alikuwa anakwepa kukubaliana jambo na mdogo wake.

Miaka tisa nyuma, wakubwa wa ukoo walipokaa kugawa nyumba baada ya msiba wa baba, mdogo wake huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Kinyozi kwa kuwa ndiyo kazi yake, alisimama akasema kwamba mwanamke aliyeolewa ameshatoka, na akirudi na mabegi yake basi amerudi kama mgeni. Dobi alikuwa amerudi na mabegi mawili, ndoa ikiwa imemshinda, na kila aliyekaa pale alikuwa anayajua mabegi yale hadi rangi. Mama ndiye aliyesema nyumba igawanywe nusu kwa nusu, ama wote wakose. Ikagawanywa. Upande wa kushoto ukawa wa Dobi, wa kulia wa Kinyozi, na chumba cha Mama kikabaki katikati kwa nyuma, kina milango miwili, mmoja wa binti na mmoja wa mwana. Mpaka ulipita katikati ya dirisha lake. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusemezana tena.

Wakawa wanasema kupitia Mama.

"Mama, mwambie mwanao redio yake inatupasua vichwa," Dobi angesema, na Kinyozi amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Mama angemgeukia Kinyozi na kumwambia, "Mwenzio anaomba upunguze redio kidogo, kichwa kinamuuma." Alikuwa hodari wa kuchuja. Tusi likiingia sikio hili linatokea kinywani limeshaogeshwa na kuvishwa nguo safi. Wale wawili walipoona hivyo, wakaacha kujizuia. Ya nini kulainisha maneno, na mwenye kazi ya kulainisha yupo?

Kisha Mama akapooza. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafa nao. Wiki moja kabla ya hapo, kana kwamba alikuwa ameona, aliwaita wote wawili akawaambia, "Humu ndimo nilimowazaa. Msinitoe chumbani humu mpaka mnitoe ndani ya sanduku." Kila mmoja aliapa, ila kila mmoja aliapa peke yake, mwenzake akiwa ametoka.

Ungetegemea ugonjwa ule uwafungue midomo. Wapi. Kila asubuhi ilibidi Mama ageuzwe asipate vidonda, na kumgeuza ni kazi ya watu wawili, mmoja upande huu wa kitanda na mmoja upande ule. "Mama, mwambie mwanao avute shuka kwake." "Mama, mwambie binti yako asivute kama anakamua nguo." Na Mama amelala katikati yao, macho wazi, hasemi kitu. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba maneno sasa yalifika mabichi.

Kwa hiyo hilo la mfereji Dobi alilianza kwa mtu wa pembeni. Alimwita fundi mmoja mfupi, mnene, mwenye maneno mengi, aliyeitwa Pimamaji kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kifaa chake cha kupimia usawa. Hata akija msibani alikuwa nacho mfukoni. Pimamaji aliuzunguka ukuta, akachuchumaa, akautia udongo kidole kama Dobi alivyofanya, ila yeye hakukifuta. Alikitazama kwanza.

"Dobi," akasema, "ukuta huu unasimama kwa mazoea tu. Msimu mmoja mwingine wa mvua, basi."

"Tukiweka gata, mfereji wa paa?"

"Mkiweka gata, pakakauka, nikaja nikapaziba chini kwa saruji na mawe, bibi yetu atalala humu mpaka mwenyewe achoke. Mkiacha, siahidi."

Mvua ilikuwa imebakiza wiki tano au sita. Dobi alizihesabu kwa vidole. Hakuwa na mengi maishani ya kujivunia, na hilo analijua msomaji sasa kama alivyokuwa analijua yeye, lakini kiapo kile alikuwa anacho. Mama hatatoka chumbani kwake. Mengine yote yalikuwa yameshaharibika.

"Sasa ya bati au ya plastiki?" aliuliza.

Pimamaji akaanza hotuba. Ya bati inakunjwa sokoni, ni imara, ila inaliwa na kutu kwenye maungio, na mvua ikipiga ni kelele tupu. Ya plastiki ni nyepesi, haijui kutu, ila jua kali huikausha mpaka ikapasuka kama kucha ya mzee. Kwa nyumba ndogo kama ile, ukuta wake hauhimili uzito wala mtikisiko wa nyundo, yeye angeweka plastiki. Tena aweke moja ndefu, kutoka pembe hii hadi pembe ile, yenye mteremko kidogo, kidole kimoja kwa kila hatua tatu, na bomba moja la kushushia maji kwenye pipa. "Nambie tu," akamaliza, "mteremko uelekee wapi? Kwako au kwa Kinyozi?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa imekaa, miguu juu.

Dobi alikuwa anafua nguo za mtaa mzima. Maji yote aliyatoa bomba la barabarani, ndoo mbili mbili, safari kumi na zaidi kila siku, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa ajili ya kazi hiyo. Kama kuna mtu duniani aliyehitaji maji ya paa lile ni yeye. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameshaliona kimawazo pipa, limejaa, kando ya karo lake la kufulia. Lakini aliiona pia siku moja huko mbele, Kinyozi akimwambia mteja kitini, kwa sauti ya kupenya ukuta, kwamba dada yake anafulia maji ya paa la baba yake.

Kesho yake asubuhi, walipokuwa wanamgeuza Mama, akasema, "Mama, mwambie mwanao tunaweka gata nyuma, ukuta wako unakufa. Kila mtu anaweka upande wake. Na maji yote yaelekee kwake yeye. Asije akasema nimekula maji ya baba."

Kinyozi alikuwa ameshika shuka. Akasema, "Mama, mwambie binti yako mimi maji ya nini? Mimi nanyoa. Anayefua ni yeye. Yaelekee kwake."

Sasa, mtu mwingine yeyote angeisikia hiyo kama wema. Huenda ilikuwa wema. Hata mimi sijui, na nimeifikiria sana. Ila Dobi alikuwa na masikio ya miaka tisa. Alisikia: wewe si ndiye mfua nguo za watu? Akalaza upande wake wa shuka, akamfunika Mama miguu.

"Mama, mwambie nimeshasema."

"Na mimi nimeshasema, Mama."

Mama aliwatazama, huyu kisha yule. Kila mmoja aliondoka chumbani akijua kwamba Mama amekubaliana naye.

Jumatatu Pimamaji akaweka ya Dobi. Alivuta uzi kwenye ubao wa ukingoni mwa paa, akapima, akapima tena, akakaza vishikizo kwa parafujo, akabandika mfereji wa plastiki mweupe. Mteremko ulielekea kwa Kinyozi, kama alivyoagizwa, na mdomo ukaachwa wazi juu ya katikati ya dirisha la Mama ili Kinyozi aungie hapo wake na kuyapeleka maji hadi pembe yake. Pimamaji alinung'unika kazi nzima. "Maji hayana kiburi," alisema akiwa juu ya ngazi. "Ukiyaambia nenda huku, yanakwenda. Ningekuwa nafanya kazi na maji peke yake ningekuwa mtu mwenye furaha."

Alhamisi Dobi alipeleka nguo kwenye nyumba ya wageni anakofulia mashuka, akachelewa kwa sababu meneja alitaka kuhesabu foronya moja moja. Aliporudi akakuta Kinyozi ameweka wake. Wa bati. Alimleta fundi bati wa sokoni, mtu asiyeuliza maswali, ukimwambia weka anaweka. Na mteremko ulikuwa unaelekea kwa Dobi.

Alisimama uani na furushi lake kichwani akaitazama ile kazi. Mfereji mmoja mweupe wa mviringo, mwingine wa bati wa pembe nne, umbo hata halifanani, na midomo yote miwili imefika juu ya dirisha la Mama ikatazamana, kati yake nafasi ya kiganja. Hakuna bomba la kushusha. Hakuna kizibo. Mtoto wa chekechea angeona kitakachotokea. Ule mtiririko wa paa zima, uliokuwa ukijigawa ukutani kote, sasa utashuka mahali pamoja, na mahali penyewe ni pale pale palipooza.

Basi aliyekosea ageuze, si ndiyo? Kazi ya saa moja. Ila kila mmoja alikuwa na hakika kwamba aliyekosea ni mwenzake.

"Mama, mwambie mwanao ageuze lile bati lake. Mimi ndiye niliyeanza kuweka."

"Mama, mwambie binti yako ageuze yeye. Plastiki ni nyepesi, inageuka hata kwa mkono mmoja."

Pimamaji alikuja kuangalia, akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kucheka uso wake haukuwa na mzaha tena. Akatoa wazo. Waiache mifereji kama ilivyo. Yeye ataweka kisanduku cha bati chini ya midomo yote miwili, bomba moja lishuke kandokando ya dirisha, kisha lilazwe chini liyapeleke maji mbali, barabarani, yasiwe ya mtu. Anachotaka ni vishikizo viwili tu, kimoja upande wa Dobi na kimoja upande wa Kinyozi, na ruhusa ya kila mmoja.

"Mimi sina neno," Dobi alisema. "Akikubali yeye."

Pimamaji akazunguka nyumba, akaenda mbele kwenye kiti cha kunyolea. Akarudi. "Anasema hana neno. Ukikubali wewe."

"Si nimeshakubali?"

"Hujakubali. Umesema akikubali."

"Basi na akubali kwanza. Mwaka wa tisa huu ananisubiri mimi nimwangukie."

Alizunguka nyumba ile mara sita, mtu mzima na kitambi chake, jua la saa saba. Mara ya sita hakuja mpaka kwa Dobi. Alisimamia kwenye kona. "Mimi natafuta kuokoa ukuta," akasema, "na nyinyi mnatafuta mshindi. Sina kifaa cha kupimia hilo." Alikuwa na kazi ya kujenga shule katika mji mwingine, wiki tatu. Akakusanya vyombo vyake akaondoka. Dobi alimwona anavyokwenda, akataka kumwita, na ulimi ukamwambia subiri kidogo.

Siku kumi zikapita, mbingu nyeupe, joto la kuchosha. Kila akianika nguo Dobi aliinua macho kwenye midomo ile miwili. Akaanza kukosa usingizi, akaanza kukosea, akachanganya mashati ya watu wawili kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Na alasiri moja akajiambia, potelea mbali. Aseme atakalo. Acha aseme kwa kipaza sauti. Akachukua bisibisi na kigoda, akapanda chini ya dirisha la Mama, akaanza kulegeza kishikizo cha mwisho cha mfereji wake mwenyewe. Angeshusha upande wa pembe yake, angeinua upande wa dirishani, maji ya kwake yangekwenda kwake. Nusu ya balaa ingekuwa imekwisha. Nusu ile ingetosha, huenda.

Parafujo ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa ngumu. Alipoinama kupata nguvu akaona ndani ya dirisha. Kinyozi alikuwa amekaa kitandani, kichwa cha Mama kimelala pajani kwake, anamchana nywele. Alikuwa anazichana taratibu, akizishika mashinani ili kitana kisimuumize. Dobi hakuwahi kumwona akifanya hivyo. Kitu kikamlegea kifuani, na kama Kinyozi angenyamaza dakika moja zaidi, hadithi hii isingekuwapo.

Kinyozi akainua macho akamwona. Akatabasamu kidogo. Akamwinamia Mama.

"Mama, mwambie binti yako namwona. Nilijua tu atayataka maji."

Labda alitania. Kwa wateja wake ndivyo alivyokuwa, mtu wa utani, mtaa mzima unampenda. Dobi alihisi uso unawaka kama pasi. Akairudisha parafujo ya kwanza, akaikaza mpaka bisibisi ikateleza, akashuka. Jioni ile alifua kwa hasira mpaka vidole vikachubuka. Alijua anachokifanya. Hilo ndilo alilokuja kushindwa kulimeza baadaye, kwamba hakupitiwa wala hakudanganywa na mtu. Alijua.

Mvua ikaja Jumanne, saa nne asubuhi, wiki mbili kabla ya wakati wake. Haikunyesha kidogo kidogo kama mvua yenye adabu. Ilianguka. Dobi aliacha nguo kwenye kamba akakimbia na mabeseni, na juu ya dirisha la Mama akaukuta mkondo mmoja mnene kama paja, unaotoka kwenye midomo miwili kwa pamoja, unapiga chini ya ukuta mpaka matope yanaruka hadi kwenye kizingiti cha dirisha. Aliweka beseni, likajaa kabla hajanyanyuka. Kinyozi akatokea upande wa pili, aproni kifuani, na nyuma yake mteja mwenye kichwa kilichonyolewa nusu, ameshika ndoo bila kuambiwa. Walikinga, wakamwaga, wakakinga, Dobi kwa upande wake na Kinyozi kwa upande wake. Mteja ndiye pekee aliyekuwa anazungumza, anawaambia wote wawili waing'oe tu hiyo mifereji, jamani. Hawakumjibu. Mvua ilipokatika ukuta ulikuwa bado umesimama, na kila mmoja akauchukulia huo kama ushahidi kwamba angeweza kungoja.

Ijumaa ikanyesha tena, na mara hii hawakuwapo uani wote wawili. Dobi alikuwa kwenye nyumba ya wageni. Kinyozi alikuwa na foleni ya wateja na redio inaimba. Ukuta uliketi chini. Ndivyo majirani walivyolieleza, kwamba haukuanguka, uliketi, kama mtu aliyechoka kusimama. Sehemu ya chini ilimwagika nje, fremu ya dirisha ikalala upande, na ufa ukafunguka kutoka dirishani hadi sakafuni, mpana wa kuingia mkono. Dobi alipofika alimkuta Mama amelala vile vile alivyomwacha, blanketi limelowa upande mmoja, matope yamefika kwenye miguu ya kitanda. Alikuwa anatazama uani kupitia kwenye ukuta wake mwenyewe.

Mwashi aliyeitwa alisema paa la nyuma limebaki linaning'inia, na mtu asilale chumba kile hata usiku mmoja. Basi ikabidi Mama ahamishwe, na hata hapo njia ilikuwapo. Sebule ya Dobi ilikuwa hatua tano. Ya Kinyozi pia. Angekuwa bado chini ya paa lake, anasikia sauti zile zile, mpaka ukuta ujengwe.

"Mama, mwambie mwanao unahamia kwangu. Wewe ni mwanamke, unaogeshwa na mwanamke."

"Mama, mwambie binti yako huendi kwake. Kwake ni maji na sabuni kutwa, utapata kichomi. Unakuja kwangu."

"Mama, mwambie hatanichukulia na wewe."

"Mama, mwambie aliyeacha ukuta wako uanguke ni nani."

Walibishana hivyo mpaka kiza kikaanza kuingia, juu ya kitanda chenye matope miguuni. Mama alikuwa amefumba macho. Wala hakuwa amelala, kope zilikuwa zinacheza. Usiku ule alilala pale pale, chini ya paa lililoning'inia, kwa sababu watoto wake hawakupata mshindi.

Majirani ndio waliompigia simu mama mdogo. Alifika Jumamosi kabla ya adhuhuri, mdogo wa Mama wa tumbo moja, ajuza mwembamba aliyekuja na pikapu na mwanawe wa kuendesha, mwendo wa saa tano. Hakuketi. Hakunywa hata maji. Aliingia chumbani, akauona ukuta, akazitazama nyuso mbili, moja kila upande wa kitanda, akamshika dada yake paji la uso.

"Nimekuja kumchukua," akasema.

"Mama mdogo," Dobi akaanza, "alituapisha asitoke humu. Tumeapa."

"Mliapa mtamtunza. Mkalifanya paa limmwagie maji kitandani." Sauti yake haikupanda. "Dada yangu si shati, mwanangu, la kuvutana huku na huku. Nguo zake ziko wapi?"

Kinyozi alitaka kusema kitu, akakosa wa kumwambia. Mama mdogo alikuwa hapokei ujumbe wa mtu. Dobi akapiga magoti, akashika miguu ya ajuza yule, akalia kwa sauti, akaomba siku tatu tu, siku mbili, atajenga kwa mikono yake. Alikuwa anasema kweli. Angejenga. Mama mdogo alimpapasa kichwa kama mtoto, kisha akamwambia ainuke akafunge nguo.

Walimbeba kwa shuka. Kinyozi alishika kichwani, mwana wa mama mdogo akashika miguuni, na Dobi akatembea ubavuni amemwekea mikono chini ya kiuno. Walipita mlango wa upande wa Dobi kwa kuwa ndio mpana. Mama alikuwa mwepesi mno, na kwa hatua zile chache alikuwa kimya kama alivyokuwa kimya kwa miezi minane, macho juu.

Mlangoni shuka likasimama. Dobi alidhani limenasa kwenye komeo. Akatazama, akaona mkono wa kushoto wa Mama umetoka nje ya shuka na kushika fremu ya mlango. Haukuwa umeishika kama mkono wa mgonjwa. Mishipa yote ilikuwa imesimama. Wakamvuta kidogo, kwa adabu, na mkono haukuachia. Wakavuta tena, na kitu kama mkoromo kikamtoka Mama kooni, sauti ya kwanza tangu augue.

Kinyozi alikuwa amebeba uzito wote wa kichwa na mabega, hakuwa na mkono wa ziada. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Akamtazama dada yake, yeye mwenyewe, usoni, na akasema naye kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

"Dada," akasema, "mfungue vidole."

"Sawa," Dobi akamjibu.

Akaanza na kidole kidogo. Kilikuwa cha moto na kikavu, na kilikuwa na nguvu kuliko alivyowahi kudhani. Akakikunjua, akakiachia, akaenda kwenye cha pili, kisha cha tatu, akimwambia Mama pole, pole Mama, pole. Alipofika cha nne, cha kwanza kilikuwa kimeshashika tena.